Njia ya Mafuta na Kiti cha Rubani: Ndege za Kujiundia Chini ya Milima ya Upare

Mtu akiazimia kujiundia ndege kwa mikono yake, fikra zake za kwanza aghalabu huelekea kwenye mabawa na injini, maana hivyo ndivyo vitu ambavyo jirani huvitazama na kuvisifu. Lakini mwenye kuzisoma kwa utulivu taarifa za ajali za ndege za namna hii ataona kwamba mara nyingi bawa lilikuwa zima na injini haikuwa na taksiri, ila mafuta hayakuifikia, au yalikuwamo tangini tele na mkono wa rubani haukuwahi kuyafungulia njia. Mintarafu ya jambo hilo nina hoja moja tu, nayo nitaifuata kuanzia shingo ya tangi hadi kiti cha rubani: njia ya mafuta na chumba cha rubani si kazi mbili za kugawiwa mafundi wawili wasiosemezana, bali ni kazi moja, na kazi hiyo, ikifanywa kwa ajili ya ndege itakayoruka katika nchi kama ya Same, haiwezi kunakiliwa neno kwa neno kutoka katika kitabu kilichoandikwa Marekani au Ucheki, penye hewa nyingine na joto jingine.

Mji wa Same umekaa kiasi cha mita 860 juu ya usawa wa bahari, upande wa magharibi wa Upare wa Kusini usiobahatika kupata mvua nyingi. Nyuma yake mlima unapanda hadi kilele cha Shengena chenye mita 2,463, na mbele yake nyika tambarare inateremka kuelekea Mto Pangani. Mji una kiwanja chake kidogo cha ndege, na karibu nao lipo lango la Zange la kuingilia Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na sasa ni Hifadhi ya Taifa, ambako Tony Fitzjohn, aliyehamia huko mwaka 1989 na kufanya kazi kubwa ya kuwarudisha faru weusi na mbwa mwitu, alifanya doria kwa ndege ndogo kwa miaka mingi. Watu wa Same, basi, si wageni wa mlio wa ndege ya injini moja, na masharti ambayo nchi yao inaiwekea ndege hiyo yanapimika.

Tuchukue siku ya Februari, saa 8 mchana, kipimajoto kikisoma nyuzi 34. Kwa kimo cha mita 860, hewa ya wastani wanayoihesabia watunga vitabu ina nyuzi 9 na ushei tu. Tofauti hiyo ya takriban nyuzi 25 huifanya hewa ya Same kuwa nyepesi kiasi kwamba bawa, rafadha na injini hufanya kazi kana kwamba kiwanja kimeinuliwa hadi karibu mita 1,750. Ndege hukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka, hupanda polepole, na katika kupanda huko polepole injini hupata hewa kidogo ya kuipoza wakati ule ule inapofanya kazi kubwa kuliko zote. Vumbi la nyika huingia kila penye upenyo. Mlima nao, ambao kwa mkulima ni chemchemi ya maji, kwa rubani ni ukuta upande mmoja wa njia yake. Mambo haya yote hukutana mahali pamoja, nayo ni mirija myembamba inayopeleka petroli kwenye injini.

Kabla ya kuifuata mirija hiyo, yafaa kusema kwa ufupi kwamba kujiundia ndege si jambo geni duniani wala si mzaha. Huko Marekani, chama cha waundaji kilichoasisiwa na Paul Poberezny mwaka 1953 kimekuwa na wanachama wengi, na kiwanda cha Richard VanGrunsven, kilichoanza mwaka 1973, kimeuza vipande vya ndege ambavyo watu wameviunganisha majumbani mwao hata zaidi ya ndege 11,000 zikaruka. Sheria ya huko hutaka mwenye ndege awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi yeye mwenyewe, kwa nia ya kujifunza au kujifurahisha. Huku kwetu Morogoro pana kampuni ya Airplanes Africa Limited inayounda Skyleader 600, ndege ya viti viwili yenye asili ya Ucheki. Mwaka 2019 vijana wa shule wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya aina ya Sling 4 kutoka vipande vya kiwandani, wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, wakipita Zanzibar. Na mara kwa mara magazeti yetu huleta picha ya fundi wa Nyeri au wa Tunduma aliyeunda chombo cha kuruka uani kwake. Mimi nawaheshimu mafundi hao kwa dhati. Lakini picha hizo huonyesha bawa na rafadha siku zote, na sijaona hata moja inayoonyesha chujio la mafuta, ilhali kila ndege itakayobeba alama ya usajili ya Tanzania, 5H, sharti ipite mbele ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mkaguzi mwenye insafu atainama kwanza chini ya bodi kutazama vitu ambavyo mpiga picha hakuviona.

Njia nyepesi kupita zote ya kuilisha injini ni kuliweka tangi juu na injini chini, na kanuni hii Wapare wanaijua tangu enzi za mababu. Ndiva zao, yaani mabwawa yao madogo, kama ile ya Manoo katika bonde la Makanya, hukusanya maji ya kijito usiku kucha, na asubuhi mlango hufunguliwa maji yakateremka mferejini hadi mashambani bila chombo chochote cha kuyasukuma. Aliyekulia karibu na ndiva amekwisha pata nusu ya elimu ya mafuta ya ndege: anajua kwamba nguvu ya maji hutokana na tofauti ya kimo, kwamba mfereji mrefu wenye kona nyingi huwapunja watu wa mwisho, kwamba tope hukaa chini kabisa, na kwamba mlango wa ndiva huwekwa mahali ambapo mwenye zamu anaweza kuufikia. Ndege za Moth zilizoruka Afrika Mashariki kati ya vita viwili vikuu, ikiwamo ile ambayo Denys Finch Hatton alifia Voi, ng'ambo ya nyika hii hii, mwezi Mei 1931, zilikuwa na tangi katikati ya bawa la juu, na mafuta yalishuka kwa uzito wake mwenyewe. Ndege nyingi za bawa la juu hata leo hufanya vivyo hivyo, na rubani wake huweza kuiacha koki ikiwa wazi kwa matangi yote mawili, maana tangi moja likiisha, la pili huendelea kutiririka.

Walakini njia hii ina mipaka, na mpaka wake waweza kuhesabiwa kwa kalamu. Injini ya Rotax 912, ambayo imeenea katika ndege ndogo za siku hizi, hudai mgandamizo wa mafuta usiopungua bar 0.15. Petroli iliyosimama katika mrija wenye kimo cha mita 1 hutoa bar 0.07 tu, hivyo ili kutosheleza dai hilo kwa kimo peke yake, tangi lingepaswa kuwa juu ya injini kwa zaidi ya mita 2, jambo lisilowezekana katika ndege ya viti viwili. Tena pua ya ndege ikiinuliwa wakati wa kupanda, injini nayo huinuka, na tofauti ya kimo hupungua saa ile ile injini inapokuwa na kiu kubwa zaidi. Kwa hiyo pampu haina budi.

Pampu inapoingia, huja na tabia yake. Ikiwekwa mbele kwenye injini, mbali na tangi lililo chini katika bawa, itakuwa inavuta. Na kuvuta ni kupunguza mgandamizo ndani ya mrija, na petroli iliyopunguziwa mgandamizo huchemka kwa joto dogo zaidi. Hapa ndipo Same inapoiumbua ramani ya Ulaya. Ndege imetua saa 7 mchana, injini imezimwa, abiria ameshuka, na kwa dakika 20 joto lote la injini limebaki chini ya vifuniko bila upepo wa kuliondoa. Mrija uliopita karibu na bomba la moshi umepikika, mafuta yaliyomo yamegeuka mvuke, na pampu iliyoumbwa kusukuma kimiminika sasa inasukuma mapovu. Injini inaweza kuwaka vizuri, ndege ikafika hata mwisho wa kiwanja, kisha nguvu zikakatika ikiwa imeinuka kidogo tu juu ya ardhi.

Dawa ya maradhi haya inajulikana, lakini sharti itiwe wakati ndege ingali mifupa mitupu, maana baadaye haina nafasi. Pampu ya umeme iwekwe chini, karibu na tangi, ili isukume badala ya kuvuta. Mrija upite upande wa baridi, mbali na bomba la moshi, na ule wa upande wa injini uvikwe kitambaa cha kuzuia moto. Pampu ya mbele iletewe hewa baridi kwa mfereji wake mwenyewe. Na pawepo mrija mdogo wa kurudisha mafuta tangini, ili petroli isikae ikisubiri mahali pa moto bali izunguke, na mapovu yapate pa kutokea. Mjenzi wa Ulaya ya baridi huweza kuuacha mrija huo wa kurudishia na asijute kamwe. Wa Same akiuacha, ameiacha salama yake.

Viungio vya mirija ni jambo dogo ambalo nitalikalia kitako, kwa kuwa ndipo ufundi wetu wa gereji na ufundi wa ndege huonekana ndugu na kumbe si ndugu. Same ipo kwenye barabara kuu ya malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na fundi wa kando ya barabara hiyo anayo zana ya kutanulia mdomo wa neli za breki. Naye huifanya kazi hiyo kwa wepesi wa kupendeza. Zana hiyo hutanua mdomo kwa pembe ya nyuzi 45, ambayo ni kanuni ya magari. Viungio vya ndege hukatwa kwa nyuzi 37. Ukiukutanisha mdomo wa nyuzi 45 na kiungio cha nyuzi 37, nati itakaza, spana itakataa kwenda zaidi, na siku ya kwanza hakuna tone litakalotoka. Lakini vyuma hivyo viwili havikugusana uso kwa uso, bali vimeshikana kwenye ukingo mwembamba tu, na mtikisiko wa injini utafanya kazi yake juu ya ukingo huo saa baada ya saa hadi aluminiamu ipasuke. Tofauti ni nyuzi 8, na jicho lisilojua haliioni. Kadhalika utepe mweupe wa mafundi bomba, unaoziba maji ya nyumbani bila lawama, katika mafuta ya ndege hukatika nyuzinyuzi, na uzi mmoja hutosha kuziba tundu la kabureta. Penye skrubu za bomba hupakwa dawa maalumu isiyoyeyushwa na petroli, na kwenye mdomo uliotanuliwa hapapakwi kitu. Mirija ya mpira nayo ina umri wake: kiwanda cha Rotax huagiza ibadilishwe kila miaka 5, hata ikionekana mipya, na katika joto la nyika mimi ningeikagua mapema zaidi.

Sasa tuyaangalie mafuta yenyewe. Rotax imeumbwa ikubali petroli ya magari ya kiwango cha 95, na hiyo ni fadhila kubwa kwa mtu wa Same, kwani petroli ya ndege ya rangi ya samawati haiuzwi katika vituo vya barabarani. Lakini petroli ya kituo ina historia yake. Watanzania wote wanakumbuka uchakachuaji, mafuta ya taa yakichanganywa na petroli au dizeli, hata EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ikalazimika kuanza kutia vinasaba katika mafuta ili mchanganyiko ugundulike. Gari lililotiwa mafuta ya taa hugonga, hukosa nguvu, na dereva akasimama pembeni akalaani. Injini ya ndege iliyotiwa mchanganyiko huo hugonga ikiwa katika nguvu zake zote za kupaa, na pistoni hutoboka. Kwa hiyo mwenye ndege atanunua kituo kimoja anachokiamini, atayachuja kwa faneli yenye kitambaa kinachozuia maji, na katika ukame, kabla ya kumimina kutoka kwenye dumu la plastiki, ataiunganisha ndege, faneli na ardhi kwa waya, maana petroli ikitiririka huzaa umeme wa kutosha kurusha cheche. Vijana wale wa Afrika Kusini walipofika Addis Ababa hawakuipata petroli isiyo na risasi waliyoihitaji, na wakagundua kwamba ndege yao inavuja mafuta. Safari iliyopangwa kwa miezi ilisimama kwa ajili ya vitu viwili ambavyo havimo katika hesabu ya mabawa.

Maji ni mazito kuliko petroli, nayo hukaa chini kabisa. Ndiyo sababu kila tangi, na kila mahali pa chini katika njia nzima, sharti pawe na koki ndogo ya kukamulia, na koki hiyo ifunguliwe kila asubuhi, tone litazamwe katika chupa nyeupe. Upare wa usiku wa baridi na mchana wa moto hutengeneza umande ndani ya tangi lililo nusu tupu. Tangi lijazwe jioni. Mdomo wa kutolea mafuta usiwe sakafuni mwa tangi bali juu yake kidogo, uvikwe chujio la matundu makubwa ambalo haliwezi kuzibwa na uchafu mmoja. Na tangi sharti lipumue. Tundu la hewa likizibwa, mafuta hutoka mpaka ndani pawe utupu, kisha hukoma, na tangi la aluminiamu laweza hata kukunjamana. Beryl Markham, rubani aliyelelewa Kenya, alivuka Bahari ya Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi mwezi Septemba 1936 katika ndege ya Vega Gull, na safari yake ilikoma topeni huko Nova Scotia badala ya New York kwa sababu, kama inavyosimuliwa, matundu ya hewa ya tangi yalizibwa na barafu. Nyika ya Same haina barafu, lakini ina nyigu wajengao kwa udongo, ambao hulipenda kila tundu lenye upana wa penseli, na siku chache za ndege kukaa uwanjani huwatosha kujenga. Tundu la hewa litiwe wavu mwembamba, pawe na tundu la pili lililofichika, na ule mrija unaopima kasi ya hewa ufunikwe kwa mfuko mwekundu kila ndege inapolala.

Baada ya yote hayo kufungwa, inabaki kazi ambayo wengi huikwepa, nayo ni kupima. Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi wake juu ya ndege za kujiundia, ikaona kwamba kuharibika kwa nguvu za injini na kupoteza udhibiti wa ndege angani ndiyo matukio yaliyozidi yote. Na miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo hili, kwamba mjenzi afanye majaribio ya njia ya mafuta na kuyaandika kabla ndege haijapewa cheti. Majaribio hayo hayahitaji maabara. Gurudumu la nyuma hushushwa katika shimo, au pua huinuliwa kwa magogo, hadi ndege isimame kwa pembe kali kuliko itakayopandia. Mrija unafunguliwa pale unapoingia kwenye kabureta. Na mafuta machache tu huachwa tangini, kwani tangi lililojaa hudanganya. Injini ya Rotax ya nguvu farasi 100 hunywa lita 27 kwa saa wakati wa kupaa. Kanuni ya kale ya viwanda hudai njia yenye pampu itoe asilimia 125 ya kiasi hicho, na ile ya kutiririka yenyewe asilimia 150. Basi, kwa pampu, chombo cha lita 1 kijae kwa sekunde zisizozidi 106, na kila pampu ijaribiwe peke yake. Fundi na ashike saa, mwenzake ashike chombo, na namba iandikwe daftarini kwa wino. Mimi singekubali kupanda ndege ambayo daftari lake halina namba hiyo, hata ikiwa imepakwa rangi nzuri namna gani.

Hapa ndipo njia ya mafuta inapoingia chumbani kwa rubani, nayo huingia kwa koki ya kuchagulia tangi. Katika ndege ya bawa la chini koki hii haiwezi kufunguliwa kwa matangi yote mawili, kwa kuwa pampu ingevuta hewa kutoka katika lile lililokwisha. Hivyo rubani hulazimika kubadilisha tangi kwa mkono wake, angani, mara nyingi katika safari moja. Mahali pa koki hiyo, basi, si suala la ufundi bomba tu.

Tarehe 12 Oktoba 1997, huko California, mwimbaji John Denver alianguka katika Ghuba ya Monterey na kufa akirusha ndege ya Long-EZ, iliyosanifiwa na Burt Rutan na kuundwa na mtu binafsi. Katika michoro ya Rutan koki ilikuwa mbele, kati ya miguu ya rubani. Mjenzi aliihamisha nyuma ya bega la kushoto. Wala hakufanya hivyo kwa uzembe: alitaka mirija ya petroli isipite kabisa chumbani mwa rubani, asije akaungua endapo itavuja, na nia hiyo mtu yeyote mwenye akili ataiheshimu. Lakini rubani mpya wa ndege hiyo, ili aifikie koki, alipaswa kuachia usukani, kujizungusha kiunoni na kunyoosha mkono nyuma juu ya bega. Na mwili unaojizungusha hivyo hutafuta pa kujiegemeza, mguu wa kulia ukakanyaga pedali bila kukusudia. Koki haikuwa na alama. Vioo vya kuonyeshea kiasi cha mafuta vilikuwa nyuma ya kiti, navyo havikuwa na alama, hata fundi akampa kioo cha kujitazamia ili avione. Wachunguzi waliyaandika hayo yote miongoni mwa sababu, pamoja na mazoezi yasiyotosha katika aina ile ya ndege. Mimi nimeisoma habari hii kama hoja kamili ya makala hii: mjenzi alitatua swali la mafuta vizuri, na katika kulitatua akaliharibu swali la mkono.

Kwa hiyo kiti kitiwe mapema, kabla ya bodi ya saa kukatwa. Rubani akae, ajifunge mikanda yote, ile ya mabegani ikiwa imekazwa barabara, afumbe macho, na mwenzake amtajie vitu kwa kuvuruga: koki, pampu, swichi kuu, komeo la mlango. Kila kitu ambacho mkono haukukipata kwa mara ya kwanza kihamishwe, maana sasa ni kazi ya penseli, na kesho itakuwa kazi ya msumeno. Koki ionyeshe kwa ncha yake tangi inalolitumia, ifunge kwa kituo ambacho mkono hauwezi kukipita bila kukusudia, na iwe na umbo lisilofanana na kishikio kingine chochote.

Geji za mafuta katika ndege ndogo hazina sifa njema, na sababu yake ni kwamba hazikufundishwa. Tangi humiminiwa mafuta lita 5 kwa lita 5, ndege ikiwa imekaa kama inavyokaa angani, na kila kituo kikaandikwa; sifuri iwekwe pale ambapo mafuta hayawezi tena kutoka kwa uhakika, si pale tangi linapokauka. Juu ya hayo marubani wa porini huchonga kijiti cha kupimia na kukitumbukiza tangini kila kabla ya safari, na sioni aibu yoyote katika kijiti hicho. Lita 100 za petroli zina uzito wa kilo 72, karibu uzito wa abiria mzima, hivyo anayejua kiasi cha mafuta yake kwa hakika anajua pia kama ndege yake itainuka katika joto la saa 8.

Kuhusu saa na vioo vya bodi nitapita upesi, kwani hapo ndipo fedha nyingi hutumika na hatari chache huondolewa. Kioo kimoja cha kompyuta leo huonyesha kasi, kimo, mwelekeo, joto na mafuta yote pamoja, nacho ni kitu cha ajabu. Lakini hudai umeme usiokatika, na kikikaa chini ya paa la kioo juani hupata joto ambalo mtengenezaji wake hakulikusudia. Insafu ni kuwa na kioo hicho pamoja na saa mbili za kale zisizotaka umeme, ya kasi na ya kimo, na dira. Dira iwekwe mbali na chuma na nyaya nene, kisha ndege izungushwe uwanjani na kosa la dira liandikwe kwenye kadi. Pampu ya mafuta ipewe waya wake na fyuzi yake, isishirikiane na redio wala taa. Bamba la chuma linalotenga injini na rubani litobolewe mara chache iwezekanavyo, na kila tundu lizibwe kwa kitu kisichoungua, kwa kuwa kinachopita hapo si moto pekee, hata gesi ya sumu iliyomo katika moshi wa injini, isiyo na harufu wala rangi, hupita na kumlaza rubani. Tena pafunguliwe tundu la hewa safi lenye upana wa kutosha, maana rubani aliyelowa jasho na kuchoka kwa joto hukosea koki.

Je, mambo haya yanawezekana katika mji wenye gereji za malori na maduka ya nati? Nasema yanawezekana. Upare ilikuwa nchi ya chuma kabla ya reli kufika: ukoo wa Washana wa Ugweno walikuwa wahunzi, chuma chao kikauzwa hata Uchagani, kama alivyotueleza mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mzaliwa wa nchi hiyo. Kinachokosekana si mikono. Kinachokosekana ni desturi ya kumwita fundi wa pili, asiyehusika na kazi ile, aje aipitie nati kwa nati na kutia alama ya rangi kwenye kila moja aliyoikubali, bila mwenye ndege kuona kwamba amevunjiwa heshima. Vyuo vyetu vya ufundi vikilifundisha hilo pamoja na zile nyuzi 37, vitakuwa vimetoa zaidi kuliko vingetoa kwa kununua injini ya maonyesho.

Ndege ikiisha kukubaliwa, saa zake za kwanza zirukwe na rubani peke yake. Marekani kwa kawaida huamuru saa 25 au 40 za namna hiyo, kulingana na injini, na idadi hiyo si ya kuonewa uchoyo. Hapa Same mahali pake ni nyika iliyo magharibi ya barabara, kuelekea Makanya na Mto Pangani, mbali na ukuta wa mlima, na wakati wake ni kabla ya saa 4 asubuhi hewa ingali nzito. Kubadilisha tangi kwa mara ya kwanza kufanywe juu ya kiwanja chenyewe, kwa kimo kinachotosha kurudi bila injini. Majaribio ya joto yaje mwisho: kutua mchana, kuzima, kungoja dakika 20, kuwasha tena, na kuiendesha injini kwa nguvu zote ndege ikiwa imefungwa chini, kabla ya kuthubutu kupaa hivyo. Na baada ya kila saa chache za mwanzo vichujio vyote vifunguliwe, kwa kuwa tangi jipya hutoa vipande vya gundi ya kuzibia na vumbi la chuma ambavyo hakuna kuosha kulikoweza kuviondoa. Vimiminwe juu ya kitambaa cheupe, vihesabiwe, viandikwe, na ndege isiende mbali na kiwanja mpaka kitambaa hicho kitoke safi mara mbili mfululizo.